Mkunazi si wa maiti peke yake

Bi harusi mmoja alikuja kwangu kupima gauni, nikamwambia aoshe nywele kwa majani ya mkunazi. Akashtuka: "Hayo si ya maiti?"

Kweli, maiti huoshwa nayo. Alipofariki binti yake Mtume (s.a.w.), Ummu Atiyya na wenzake waliamrishwa wamwoshe kwa maji na mkunazi, na mwisho watie kafuri. Lakini katika Sahihi Muslim, Asmaa alipouliza kuhusu josho la hedhi, naye alielekezwa maji na mkunazi. Asmaa alikuwa hai, mwanamke kama sisi.

Sababu yake ni kwamba majani hayo yakipondwa na maji hutoa povu. Ndiyo sabuni ya zamani. Mkunazi wa Arabuni na huu wetu unaojiotea vichakani si mti mmoja, ni ndugu, na povu wote wanalo. Bibi zetu walitwanga majani kwa ajili ya mba, mizizi wakachemshia maumivu ya tumbo, na watoto wakala kunazi.

Nionavyo, sabuni za dukani zilipoenea, walio hai waliuacha mkunazi. Maiti akabaki nao kwa sababu ya sunna, na hofu ikaanzia hapo.

Basi bi harusi, twanga majani mabichi, chuja, osha nywele. Katika Suratul Waaqia watu wa Peponi wameahidiwa mikunazi isiyo na miba. Sasa unaogopa nini?