Mazembe na Vita Club: Tuweke Majina Yao Bega kwa Bega

Hapa Kitshanga, kama kwingine katika Masisi na Walikale, kijana akikosa kiatu hakosi ekipe ya kuipenda. Wako wa Mazembe ya Lubumbashi, wanaojiita Kunguru kwa ajili ya rangi yao nyeusi na nyeupe. Wako wa Vita Club ya Kinshasa, wenye kijani na nyeusi. Miji hiyo miwili iko mbali nasi, na wengi wetu hatujaiona kwa macho. Hata hivyo tumesikia maneno makali yakisemwa kwa ajili yake, hata kati ya ndugu wa nyumba moja: ya kwamba Mazembe ni ya Wakatanga na Vita ni ya watu wa Kinshasa, na anayependa hii hana budi kuichukia ile. Basi tumeona vema kufanya kazi ambayo wabishi hawaifanyi, yaani kuchukua orodha za wachezaji wa ekipe hizo na kuziweka bega kwa bega, tuone kama majina yenyewe yanasema hivyo.

Kwanza neno dogo juu ya asili yao. Mazembe ilizaliwa mwaka 1939 mikononi mwa wamonaki Wabenedikto wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Katika shule yao ya Saint-Boniface walikuwamo vijana wasioelekea upadre, na wamonaki waliwaundia ekipe ya mpira, wakaiweka chini ya jina la Mtakatifu Georgi. Baadaye mapadre waliiacha, nayo ikachukua jina la Englebert, kampuni ya mipira ya magari. Katika mwaka 1966 ilishinda mashindano yote ya nyumbani, ndipo ikaongezewa jina la Tout Puissant. Sisi tunaosali Nasadiki kila Dominika twajua neno hilo la Mwenyezi ni la nani, lakini wapenzi wa mpira hawakutuuliza.

Vita nayo ilianzishwa mwaka 1935 na Bwana Honoré Essabe, kwa jina la Renaissance. Halafu ikaitwa Diables Rouges, maana yake Mashetani Wekundu, kisha Victoria Club, na tangu 1971 Vita Club. Msomaji asiharakishe kutoa hukumu, akisema hawa ni wa Mtakatifu na wale ni wa shetani. Na jina la Vita lisimtishe: kwa Kiswahili chetu vita ni mapigano, lakini kwa Kilatini cha seminari vita ni uzima.

Sasa tufungue orodha, na tusimame hasa kwenye mwaka 1974. Wakati huo ekipe zote mbili zilikuwa zimekwisha kuvikwa taji la Afrika. Englebert ililitwaa mara mbili mfululizo, 1967 na 1968. Vita ililitwaa mwaka 1973: ilifungwa 4 kwa 2 na Asante Kotoko huko Kumasi, ikarudi Kinshasa ikashinda 3 kwa 0. Lakini mwaka huo huo wa ushindi wa Vita, aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika alikuwa Bwanga Tshimen, beki wa Mazembe.

Ilipotakiwa kufanya ekipe ya nchi, iliyoitwa Zaire siku zile, kocha Blagoje Vidinić kutoka Yugoslavia alichota zaidi ya nusu ya watu wake katika ekipe hizi mbili. Hapa ndipo orodha zinapotufundisha jambo. Tazama nyuma: golikipa Kazadi Mwamba ni wa Mazembe. Mwepu Ilunga upande wa kuume, Mwanza Mukombo upande wa kushoto, na Bwanga katikati, wote wa Mazembe. Sasa tazama mbele: Ndaye Mulamba, Kembo Uba Kembo, Mayanga Maku, na nyuma yao kidogo Mavuba Mafuila na Kibonge Mafu, wote wa Vita. Ni kama nyumba ambayo Lubumbashi ilijenga kuta, na Kinshasa ikatoa wawindaji. Hata ukutani alikuwamo mtu wa Vita, ndiye Lobilo Boba, aliyesimama karibu na Bwanga. Na kapteni, Kidumu Mantantu, hakutoka huku wala huku. Alikuwa wa Imana, ekipe ya tatu.

Watu hao walikwenda Misri wakashinda Kombe la Afrika. Katika fainali walitoka 2 kwa 2 na Zambia tarehe 12 Machi, wakarudiana tarehe 14 wakashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ni ya Ndaye. Katika mashindano yale alifunga mabao 9, na kwa miaka 50 iliyofuata hakuna aliyemfikia. Na huyo Ndaye, fahari ya Kinshasa, alizaliwa Luluabourg, huko Kasai.

Miezi mitatu baadaye walikuwa Ujerumani, wa kwanza kutoka Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Yugoslavia iliwafunga 9 kwa 0 huko Gelsenkirchen, tarehe 18 Juni. Aibu hiyo twaijua sote, lakini wachache wanakumbuka dakika mbili za mchezo ule. Walipokwisha kufungwa 3, Kazadi wa Mazembe alitolewa, akaingia Tubilandu Ndimbi wa Vita, naye akafungwa mara moja. Wachezaji walimzunguka mwamuzi, na Mwepu wa Mazembe akampiga teke. Mwamuzi hakuona vizuri ni nani: akamfukuza Ndaye wa Vita. Mtu wa Kinshasa alitoka uwanjani kwa kosa la mtu wa Lubumbashi.

Tuliona yafaa kukumbusha hayo kwa sababu ya jambo la karibu zaidi. Tarehe 11 Mei 2014 ekipe hizo zilikutana Kinshasa, Mazembe ikawa mbele kwa bao 1. Watazamaji wakaanza kutupa vitu uwanjani, polisi wakatupa gesi ya kutoa machozi, na watu wakakimbilia milangoni wakikanyagana. Walikufa watu 15. Uwanja ule unaitwa Tata Raphaël, kwa heshima ya Padre Raphaël de la Kethulle wa shirika la Scheut, ambaye aliwajengea vijana wa mji huo shule na viwanja, na ndiye aliyeanzisha ile Imana mwaka 1936. Siku ile hakuna mchezaji aliyemuua mwenzake. Waliokufa walikuja kutazama.

Wako watakaotuambia kwamba mambo ya 1974 yamepita. Haya, tufungue orodha mpya. Mazembe ilitwaa taji la Afrika mwaka 2015 kwa kuifunga USM Alger 2 kwa 1, halafu 2 kwa 0. Waliofunga ni Kalaba wa Zambia, Samatta wa Tanzania na Assalé wa Kodivaa. Mkongomani hakufunga hata bao moja katika fainali zile! Na Trésor Mputu, aliyekuwa kapteni na kipenzi cha Kunguru wote, alizaliwa Kinshasa. Sasa huo Ukatanga wanaoupigania vijana wetu barabarani uko jina gani?

Mwaka 2016 kocha Florent Ibenge, aliyeifikisha Vita katika fainali ya Afrika mwaka 2014, alikwenda Rwanda na wachezaji wa nyumbani. Kapteni wake alikuwa Kimwaki wa Mazembe. Elia wa Mazembe alifunga mabao 2 kati ya 3 waliyoifunga Mali katika fainali, Kigali, tarehe 7 Februari. Katika kundi hilo hilo walikuwamo Lomalisa na Héritier Luvumbu wa Vita.

Jina hilo la Luvumbu tulilisikia tena baada ya miaka, wakati wengi wa Kitshanga walikuwa wamekwisha kukimbia mapigano ya Januari 2023. Alikuwa akichezea Rayon Sports ya Rwanda. Tarehe 11 Februari 2024 alifunga bao, kisha akaziba mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaelekeza vidole kwenye kichwa chake kama bunduki, alama ya kuwakumbuka wanaokufa huku kwetu mashariki bila kusemwa. Alifungiwa miezi 6, na ekipe yake ikaachana naye. Siku nne kabla, huko Abidjan, ekipe nzima ya Kongo ilikuwa imesimama mstari mmoja wakati wa wimbo wa taifa, ikafanya alama hiyo hiyo.