Sumukuvu: ukame unapoyageuza mahindi kuwa sumu mashariki mwa Kenya

Sumukuvu, ambayo wataalamu huiita pia aflatoksini, ni sumu inayozalishwa na kuvu wa aina ya Aspergillus flavus wanaoota kwenye mahindi, karanga na mazao mengine. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na punje isiyo na doa yaweza kuwa nayo. Moto wa jikoni hauimalizi: ugali ulioiva vizuri bado huibeba.

Maafa yake makubwa yaliyorekodiwa katika eneo hili yalitokea mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Kati ya Januari na Julai, watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki dunia baada ya ini kushindwa kufanya kazi. Zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi zilizochukuliwa sokoni zilivuka kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 kwa bilioni. Wala hayakuwa mageni huko: mwaka 1981, wilayani Machakos, wagonjwa 12 kati ya 20 walipoteza maisha.

Ukame huchangia kwa njia mbili. Shambani, mmea uliokosa maji hudhoofika, punje hupasuka, wadudu hutoboa, na kuvu wapendao joto hupata mlango. Nyumbani, njaa humlazimu mkulima kuvuna mapema, pengine kwa kuhofia wezi, kisha kuyaweka mahindi mabichi pale anapolala badala ya ghalani. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulibaini kwamba waliougua ndio hasa waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba.

Serikali iligawa chakula mbadala, lakini kumwambia mtu atupe gunia lake la mwisho si jambo jepesi. Vifo viliripotiwa tena mwaka 2005 na 2006. Nchini Tanzania, mwaka 2016, watu 68 waliugua katika mikoa yenye ukame ya Dodoma na Manyara, 20 wakafariki.

Kinga huanzia kwenye kukausha: mahindi yaanikwe juu ya turubai, si kwenye udongo mtupu, hadi unyevu ushuke kufikia takriban asilimia 13. Punje zilizovunjika au zenye ukungu zitengwe, ingawa mara nyingi hizo ndizo hupewa ng'ombe, na sumu ikarudi mezani kupitia maziwa. Wakamba hukoboa mahindi kwa ajili ya chakula chao cha muthokoi. Ukoboaji huo huondoa sehemu kubwa ya sumu, si yote. Ipo pia Aflasafe, yaani kuvu wasio na sumu wanaonyunyizwa shambani kabla ya mahindi kuchanua ili wachukue nafasi ya wale wenye sumu.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa sharti kwamba kila shehena iwe na cheti kinachothibitisha kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sharti hilo huyahusu mahindi yanayovuka mpaka. Yale ambayo familia ya Makueni au Dodoma huyalima, huyasaga na kuyala yenyewe hayapiti mpakani wala maabara.