Klasi katika programu za kompyuta: Salio lisiguswe ovyo

KLASI ni ramani ambayo mtunzi wa programu za kompyuta huichora kabla ya kuunda vitu vyenyewe, jinsi ramani moja ya nyumba inavyoweza kujengea nyumba nyingi. Fikra hiyo ilipata umbo lake nchini Norway, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni lugha ya Simula 67. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Turing ya mwaka 2001.

Mfano mwepesi ni akaunti katika chama cha akiba na mikopo. Klasi yake huhitaji mambo mawili: taarifa, yaani jina, nambari na salio; na vitendo, yaani kuweka pesa, kutoa na kuonyesha salio. Kila mwanachama ana akaunti yake, ila zote hufuata ramani moja.

Jambo la msingi ni kulifungia salio ndani ya klasi. Sehemu nyingine za programu zisiligeuze moja kwa moja, bali zipitie vitendo vilivyowekwa. Kitendo cha kutoa hukagua kwanza: mwenye Sh5,000 akiomba Sh6,000, hukataliwa. Salio likiachwa wazi, kosa dogo popote laweza kulishusha chini ya sufuri, na mkaguzi asijue pa kuanzia.

Aidha, klasi ibebe jukumu moja. Kuchapisha risiti au kutuma arafa si kazi ya akaunti. Shughuli hizo ziundiwe klasi zake. Hivyo, kanuni za kutoa pesa zikibadilika, hurekebishwa mahali pamoja tu.