Katochi na Simujanja: Historia Fupi ya Vyombo Viwili

Lugha huhifadhi historia ambayo aghalabu vitabu husahau kuiandika. Simu ndogo ya vitufe iliyoenea katika Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne hii ilipewa na watu majina yake mbalimbali: nchini Kenya iliitwa mulika mwizi, nchini Tanzania kitochi, na hapa kwetu Uganda katochi. Majina haya hayakutungwa na baraza lolote la lugha, wala hayakupitishwa katika kikao. Hata hivyo yote yanataja mwanga, na hakuna hata moja linalotaja maongezi. Chombo kilichobuniwa ili kupeleka sauti kikapewa jina kwa ajili ya taa yake. Simu iliyokuja baadaye ikaitwa simujanja, au, kwa lugha ya mitaani huko Tanzania, simu ya kupangusa.

Makala haya yanakusudia kulinganisha vyombo hivi viwili kwa njia ya historia, na kuonyesha kwamba tofauti yao kubwa si ya umri wala ya ujanja, bali ni ya mazingira ambayo kila kimoja kilibuniwa kwa ajili yake. Tofauti hiyo yatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa.

Waya usioonekana

Neno simu asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kutoka Adeni ulifika Unguja mwaka 1879. Baadaye watu wa nchi hizi walizoea kupelekeana simu ya maandishi, ambayo ililipiwa kwa hesabu ya maneno. Kila neno lilikuwa na gharama yake, basi aliyeipeleka alijifunza kusema mengi kwa machache: nani amefariki, nani amezaliwa, nani aje upesi.

Simu ya mkononi haina waya, lakini jina la waya limebaki, na desturi ya ufupi ikabaki pamoja nalo. Tarehe 3 Desemba 1992, huko Uingereza, mhandisi Neil Papworth alipeleka ujumbe wa kwanza wa maandishi kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu ya mkononi, akimtakia mwenziwe heri ya Krismasi. Ujumbe wa namna hiyo ulikuwa umewekewa mpaka wa herufi 160, nafasi na vituo vikihesabiwa. Hapa Uganda kampuni ya kwanza ya simu za mkononi, Celtel, ilianza kazi mwaka 1995, ikafuatwa na MTN mwaka 1998. Hapo mwanzo chombo hiki kilikuwa cha wenye nacho. Mtu wa kawaida alikiona kwa mbali, kiunoni mwa mfanyabiashara au mezani kwa mkubwa.

Simu ya vumbi na giza

Mambo yalibadilika mwaka 2003, kampuni ya Nokia ya Ufini ilipotoa simu iliyoitwa Nokia 1100. Yafaa tuitazame simu hii kwa makini, kwa maana iliuzwa zaidi ya milioni 250 ulimwenguni, nayo huhesabiwa miongoni mwa simu zilizonunuliwa kuliko zote. Haikuwa na kamera, wala rangi, wala intaneti. Kitabu chake cha majina kiliweza kuhifadhi majina 50 tu. Lakini vitufe vyake vilifunikwa kwa utando mmoja uliozuia vumbi kupenya ndani. Ubavu wake ulitengenezwa usiteleze katika mkono wenye jasho. Na kichwani ilikuwa na tochi. Betri yake, kwa maelezo ya watengenezaji, iliweza kukaa hadi saa 400 simu isipotumika, yaani zaidi ya siku 16.

Kila sifa katika hizo ni jibu la swali fulani. Je, mtu wa kijiji kisicho na umeme atafanyaje? Je, mwenye duka la barabarani, kiangazi, atailindaje simu yake na vumbi? Je, arudiye nyumbani usiku atapitaje njiani? Waliobuni simu ile hawakuchukua simu ya tajiri wakaipunguza. Walianza na maisha ya mtu wa kipato kidogo, wakatengeneza chombo cha kumfaa. Ndiyo maana watu wakaiita kwa tochi yake.

Ufukara wa chombo hicho ulizaa maarifa mengi kwa watumiaji. Asiye na salio alimpigia mwenziwe na kukata kabla hajapokea, na kitenzi kubipu kikaingia katika Kiswahili cha mazungumzo. Mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya, na mwaka 2009 MTN ikaanzisha hapa Uganda huduma ya kupelekeana fedha kwa simu. Huduma hizo hazikuhitaji intaneti. Zilifanya kazi hata katika katochi. Mtu ambaye hakuwahi kuingia benki akaweza kumpelekea mama yake fedha akiwa mbali, kwa kubonyeza vitufe vichache.

Na sisi walimu tulipata mtihani wetu. Herufi 160 ni chache, na vitufe 12 havitoshi alfabeti, hata mwandishi akalazimika kubonyeza kitufe kimoja mara tatu au nne ili apate herufi moja. Vijana wakaanza kuandika wa2 badala ya watu, m2 badala ya mtu, na cjui badala ya sijui. Maandishi hayo yalipoingia katika insha, walimu wengi walilalamika kwamba lugha inaharibika. Lakini tukiyachunguza tutaona kwamba mwandishi wa wa2 alijua kuigawa silabi, akaazima sauti ya tarakimu ya Kiingereza, akaibandika pahali pake bila kukosea ngeli. Hiyo ilikuwa kazi ya mtu aijuaye lugha, aliyebanwa na nafasi kama alivyobanwa babu yake na bei ya telegrafu.

Ujanja na gharama yake

Simu ya kwanza yenye programu ya Android iliuzwa mwaka 2008, nayo ilikuwa ya bei ghali. Mwaka 2011 Safaricom ilianza kuuza nchini Kenya simu ya Huawei iliyoitwa Ideos, kwa bei ya karibu shilingi 8,000 za Kenya. Kwa bei hiyo mtu alipata kioo cha kugusa, kamera, ramani na intaneti. Wengi waliona kwamba mlango wa elimu umefunguliwa kwa wote.

Mgala muue na haki umpe. Simujanja ya bei nafuu imeleta manufaa makubwa. Imeondoa mpaka wa herufi 160. Imemwezesha mwalimu wa Gulu kuuliza maana ya neno na kujibiwa na mwenziwe wa Mombasa au Bukavu muda si muda. Imetuletea kamusi na magazeti viganjani. Aidha, kwa ujumbe wa sauti, imemrudishia nafasi yake mzee asiyejua kuandika, ambaye sasa aweza kutuma kisa kizima kwa ulimi wake mwenyewe.

Pamoja na hayo, simu hii haikuanza na maisha ya kijijini. Ni simu ya tajiri iliyopunguzwa. Betri ya Ideos ilikuwa kubwa kuliko ile ya Nokia 1100, lakini kioo na intaneti viliinywa haraka, na mwenye simu akahitaji umeme kila siku. Gharama haikuisha siku ya kununua. Ilianza siku hiyo, kwa maana simujanja isiyo na kifurushi cha intaneti hubaki na nusu tu ya ujanja wake. Na mwisho wa mwaka 2016 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu zenye Android 2.2, ambayo ndiyo Ideos ilikuja nayo. Simu ilikuwa nzima, haikuanguka wala kulowa. Ilizeeshwa na uamuzi uliofanywa mbali. Mwenye katochi hakuguswa na uamuzi huo. Maadamu mitambo ya zamani ingali inarusha mawimbi, simu yake hupiga na kupokea.

Hata kodi ilifuata tofauti hiyo. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii. Iliondolewa mwaka 2021, na pahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Nchini Rwanda, kampuni ya Mara ilifungua kiwanda cha simujanja mwaka 2019, lakini iliyo rahisi katika simu zake iliuzwa kwa takriban dola 130 za Marekani. Kwa mkulima mdogo, hizo si fedha za kutolewa mara moja.

Wajibu wetu

Mambo haya yalidhihirika wakati wa maradhi ya Korona. Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote hadi tarehe 10 Januari 2022. Katika muda huo mwanafunzi ambaye nyumbani kwao mlikuwa na simujanja na fedha za kifurushi aliweza kupokea masomo kwa simu. Yule wa katochi alibaki na redio, kama ipo, na karatasi, kama zimemfikia. Wote wawili walihesabiwa kuwa wana simu nyumbani. Hesabu ya namna hiyo huficha mengi.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kazi iliyo mbele yetu ni kubwa, na wengi hushauri tuifanye kwa simujanja. Hatupingi. Twasema tu kwamba somo lolote litumwalo kwa simujanja peke yake limekwisha kuchagua wanafunzi kabla halijaanza.

Njia zipo. Imla yaweza kusomwa kwa simu ya kawaida, jamaa na majirani wakikusanyika kusikiliza. Mpaka wa herufi 160 ni zoezi zuri la ufupisho: mwanafunzi apewe habari ndefu, aifupishe itoshe ujumbe mmoja bila kuvunja sarufi. Na wa2 na cjui viandikwe ubaoni, wanafunzi wavirudishe katika Kiswahili sanifu na kueleza vilivyoundwa. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Simujanja tuipokee, tena kwa mikono miwili. Lakini katochi, ambayo ingali mikononi mwa wazazi wengi wa wanafunzi wetu, tusiiondoe katika hesabu ya vifaa vya kufundishia.