Moyo: kwa nini damu ikirudi inaweza pia kuumiza

Mshipa unaolisha moyo ukizibwa na damu iliyoganda, sehemu ile ya moyo inakosa oksijeni na kuanza kufa. Dawa ni kuuzibua haraka. Lakini damu yenyewe, inaporudi, inaweza kuua seli zilizokuwa bado hai.

Kalsiamu inaingiaje?
Moyo unapiga juu ya kalsiamu: ikijaa ndani ya seli, musuli unajikaza, ikitolewa, unalegea. Seli iliyokosa oksijeni inajaa asidi. Damu ikirudi, seli inatupa asidi ile nje na kuingiza sodiamu. Kisha, ili kuitoa sodiamu hiyo, inapokea kalsiamu kupita kiasi.

Inaleta madhara gani?
Musuli unakazana bila kulegea, mpaka ngozi ya seli inapasuka. Tena mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, zinafyonza kalsiamu, zinavimba na kuharibika. Mapigo yanaweza kwenda ovyo kwa muda.

Basi ni heri kuacha mshipa umezibwa?
Hapana. Bila damu, sehemu yote inakufa. Dawa ya siklosporini ilijaribiwa kwa wagonjwa ili kuzilinda mitokondria. Matokeo ya 2015 yalionyesha haikuwasaidia. Kinachookoa ni kuwahi. Kifua kikibana kama kimebebeshwa mzigo, maumivu yakienda kwenye mkono ao taya, jasho baridi likitoka, usingoje kuche. Mgonjwa apelekwe hospitali palepale.