Mlinzi Asiyelindwa

Ulinzi ni haja ya kale ya mwanadamu. Alipojenga nyumba alitia mlango. Alipojenga mji aliuzungushia boma na kuweka mabawabu langoni. Lakini bawabu ni mtu: huchoka, husinzia, na pengine huhongwa. Kamera ilipokuja ilisifiwa kwa kuwa haisinzii wala haipokei rushwa. Sifa hizo zilikuwa za kweli, ila zilisahau jambo moja. Bawabu asiyehongeka bado aweza kutekwa, na tangu kamera za ulinzi zilipounganishwa na intaneti, bawabu huyu ametekwa mara nyingi bila ya bwana wake kujua.

Mwanzoni hatari hiyo ilikuwa ndogo. Mwaka 1942 Wajerumani waliweka kamera huko Peenemünde ili watazame kutoka mbali jinsi makombora yao ya V-2 yalivyorushwa. Picha ilipita katika waya mpaka kwenye kioo, na aliyetaka kuiiba ilimpasa kuufikia waya wenyewe. Mwaka 1991 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walielekeza kamera kwenye birika la kahawa, ili mtu asipande ngazi bure akakuta birika tupu. Mwaka 1993 picha hiyo ikafunguliwa kwa intaneti, na watu wa nchi za mbali wakaitazama. Mwaka 1996 kampuni ya Axis ya Sweden ilianza kuuza kamera iliyoundwa ili iunganishwe na mtandao moja kwa moja. Hapo kamera iliacha kuwa jicho tu, ikawa kompyuta ndogo yenye jicho. Tofauti hii ina uzito. Jicho huona, kompyuta hutii. Na chombo kinachotii hakiulizi amri imetoka kwa nani, maadamu mwenye kuamuru amelitaja neno la siri.

Neno hilo la siri ndilo lililokuwa udhaifu. Kamera kwa maelfu zilitoka kiwandani na neno moja, na wanunuzi wengi hawakulibadili. Katika baadhi yake halikuweza kubadilishwa kabisa. Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani walitunga programu iliyoitwa Mirai. Programu hiyo ilizunguka katika intaneti ikibisha hodi kwa kamera, ruta na mashine za kuhifadhi picha, ikijaribu jozi zipatazo 60 za majina na maneno ya siri ya viwandani. Mlango ulipofunguka iliingia, ikakaa kimya ikingoja amri. Kamera iliendelea kuonyesha lango na ua kama kawaida, na mwenyewe hakuona ila usalama. Katika kilele chake, vyombo vilivyotekwa hivyo vilifikia kiasi cha 600,000.

Mwishoni mwa Septemba 2016 maandishi ya programu hiyo yalitolewa hadharani, na kila mwenye nia mbaya akapata silaha. Tarehe 21 Oktoba vyombo vilivyotekwa viliishambulia kwa maombi yasiyo na hesabu kampuni ya Dyn ya Marekani, ambayo kazi yake ilikuwa kuyageuza majina ya tovuti yawe namba zinazofuatwa na kompyuta. Kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kuifikia Twitter wala Netflix. Mwaka huohuo silaha ya namna hiyo ilielekezwa Liberia, katika kampuni ya simu ya Lonestar, na wateja wake wakakatikiwa na intaneti. Mtu aliyefanya shambulio hilo, kwa malipo ya ofisa wa kampuni iliyoshindana na Lonestar, alihukumiwa London Januari 2019 kifungo cha miezi 32. Miongoni mwa vyombo alivyovitumia zilikuwamo kamera za ulinzi.

Hapa ndipo penye fundisho. Siku zote aliyeacha mlango wazi ndiye aliyeibiwa, na hofu ya kuibiwa ndiyo iliyomfundisha kufunga. Safari hii mambo yaligeuka. Mtengenezaji aliuza rahisi akapata faida; mnunuzi alipata picha yake akaridhika; hasara ikamfika mtu wa tatu, ng'ambo ya bahari, asiyewajua wote wawili. Uzembe usiomwuma mzembe hauna mwisho.

Machi 2021 ubaya huohuo ulionekana kwa sura nyingine. Wavamizi walipata neno la siri la msimamizi mkuu wa kampuni ya Verkada ya Marekani, wakaweza kuzifikia kamera zaidi ya 150,000 za wateja wake, zikiwamo za hospitali, shule na magereza. Walioonwa walikuwa wagonjwa na wafungwa, ambao hawakulichagua neno hilo wala hawakuulizwa litunzwe vipi.

Maadamu hasara haikumrudia mwenye kosa, ilibidi sheria imrudishie wajibu. Sheria ya California iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020 iliwataka watengenezaji wavipe vyombo vyao kinga inayofaa, na Uingereza ilipiga marufuku maneno ya siri ya jumla kuanzia tarehe 29 Aprili 2024. Afrika ya Mashariki nayo haimo nje ya habari hii. Mwaka 2014 serikali ya Kenya iliipa kampuni ya Safaricom kazi ya kuweka mtandao wa kamera zipatazo 1,800 Nairobi na Mombasa. Mwaka 2019 Kenya ikatunga sheria ya kulinda habari za watu binafsi, na Tanzania ikafuata mwaka 2022. Kamera zilitangulia, sheria ikafuata nyuma. Na katika nafasi iliyo kati yao wananchi walitazamwa kabla ya kuahidiwa ulinzi.

Basi mji unaojisifu kwa wingi wa kamera haujasema bado kama una usalama. Utakuwa umesema pale utakapoweza kujibu ni nani anayezilinda kamera zenyewe, na ni nani atakayelipa zikitekwa.