Akiba ya data huoza: mambo ya kuzingatia kwa wasimamizi wa hifadhidata Afrika Mashariki

Vijana wanaotafuta ajira ya kusimamia hifadhidata au kuandika programu katika nchi za Afrika Mashariki wanahitaji zaidi ya cheti cha chuo. Wanatakiwa waweze kuthibitisha kwamba data walizokabidhiwa zitarudi siku zitakapopotea, na kwamba wanaifahamu sheria ya nchi ambamo data hizo hutumika.

Hifadhidata ni ghala la kumbukumbu lililopangwa ndani ya kompyuta. Salio la fedha katika simu, faili la mgonjwa hospitalini, alama za mtihani na hati ya kiwanja, vyote hutunzwa humo. Msingi wa hifadhidata nyingi za leo uliwekwa mwaka 1970, pale Edgar F. Codd, mtaalamu mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alipochapisha makala iliyopendekeza kumbukumbu zipangwe katika majedwali yanayohusiana. Kutokana na wazo hilo ilizaliwa lugha ya SQL, ambayo hadi leo ndiyo lugha ya kwanza ya kazi hii.

Katika Afrika Mashariki, uzito wa kazi hiyo umeongezeka tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya mwezi Machi 2007 na fedha za watu wa kawaida kuanza kuwa tarakimu ndani ya seva. Mwandishi wa programu hutengeneza huduma anayoiona mteja. Msimamizi wa hifadhidata hulinda kile ambacho mteja hakioni, na mara nyingi hakumbukwi mpaka kiharibike.

Funzo la Januari 2017

Tukio linalotajwa sana katika taaluma hii ni lile la kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu wa nchi mbalimbali. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja alikuwa akirekebisha seva ya pili, ambayo ilikuwa imeshindwa kwenda sambamba na seva kuu. Aliamua kufuta data za seva hiyo ya pili ili zinakiliwe upya. Amri aliyoiandika ilikuwa sahihi, lakini aliiandika katika dirisha la seva kuu. Aligundua kosa baada ya sekunde moja au mbili na kuisimamisha. Hata hivyo, kati ya gigabaiti zipatazo 300, zilikuwa zimebaki 4.5 tu.

Mafundi walipozigeukia nakala za akiba, walikuta mambo mengine. Kampuni ilihesabu njia tano za kunakili na kuhifadhi data, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kutegemewa. Programu ya kuchukua nakala kila siku ilikuwa ya toleo la zamani lisilopatana na hifadhidata yenyewe, hivyo ilikuwa ikishindwa kila ilipoanza, na mahali pa kuwekea nakala palikuwa patupu. Barua pepe za kuonya kuhusu kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua, kwa hiyo hazikumfikia mtu yeyote.

Kilichowaokoa ni nakala moja iliyochukuliwa kwa mkono muda wa takribani saa sita kabla ya ajali, kwa ajili ya jaribio lisilohusiana kabisa na akiba. Huduma ilirejea baada ya takribani saa 18. Programu zenyewe zilizohifadhiwa hapo zilisalimika, lakini kumbukumbu za saa hizo sita zilipotea, zikihusu miradi ipatayo 5,000, maoni yapatayo 5,000 na akaunti mpya zipatazo 700. Kampuni ilieleza hadharani, hatua kwa hatua, kilichotokea, pasipo kumtaja mhandisi kwa jina.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya data huoza, tena huoza kimya kimya. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu.

Mambo ya kufanya kila siku

Jambo la kwanza ni kurejesha nakala kwa makusudi. Angalau mara moja kwa mwezi, msimamizi achukue nakala ya akiba, aifungue katika seva ya pembeni, ahesabu safu za majedwali makuu na kuandika muda uliotumika. Iwapo hospitali haiwezi kufanya kazi zaidi ya saa mbili bila mafaili ya wagonjwa, na kurejesha nakala kunachukua saa kumi, uongozi unapaswa kuambiwa mapema.

Pili, kanuni inayopendekezwa na wataalamu wengi ni kuwa na nakala tatu za data, katika aina mbili za vifaa, na moja kati ya hizo iwekwe mbali na jengo la ofisi. Moto, mafuriko au wizi havitofautishi seva na akiba yake vikiwa chumba kimoja.

Tatu, msimamizi ajue yuko wapi kabla ya kuandika amri. Baada ya ajali ile, GitLab iliamua kuboresha maandishi ya skrini ili kila seva itambulike kwa urahisi. Ofisi ndogo inaweza kufanya hivyo kwa rangi tu: nyekundu kwa seva inayotumiwa na wateja, kijani kwa seva ya majaribio.

Nne, kabla ya kufuta au kubadilisha safu, amri ya SELECT yenye masharti yaleyale itangulie, ili idadi ya safu zitakazoguswa ijulikane. Kisha kazi ifanyike ndani ya muamala, ambao bado unaweza kutenguliwa kwa amri ya ROLLBACK iwapo idadi si ile iliyotarajiwa.

Tano, kila mtu na kila programu vipewe ruhusa za kutosha kazi yake tu. Programu ya kusoma bei haihitaji uwezo wa kufuta jedwali. Kwa upande wake, mwandishi wa programu asiunganishe maneno yaliyoandikwa na mteja moja kwa moja na amri ya SQL. Ayapitishe kama vigezo, kwa kuwa mlango huo ndio unaotumiwa na wadukuzi tangu zamani.

Sheria hutofautiana mpakani

Anayevuka mpaka kwenda kufanya kazi hukuta sheria tofauti. Nchini Rwanda, sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inataka mamlaka husika ijulishwe ndani ya saa 48 baada ya kugundulika kwamba usalama wa data binafsi umevunjwa. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2019 inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data iwapo data zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kuna hatari ya madhara. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2019, inataka taarifa itolewe mara moja. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa msimamizi, saa hizo zina maana ya kazi: bila kumbukumbu za nani aliingia, lini na alitazama nini, ofisi haitakuwa na la kuijulisha mamlaka. Aidha, kunakili majina na namba za simu za wateja halisi kwenye seva ya majaribio ni desturi ya kuachwa.

Kupanda katika kazi

Kuanza hakuhitaji mtaji mkubwa. PostgreSQL hupatikana bure, na kompyuta ya kawaida inatosha kujifunzia. Anayejifunza aunde hifadhidata ya kitu anachokijua, kwa mfano mahesabu ya duka au michango ya chama cha akiba na mikopo, aiharibu kwa makusudi, kisha airejeshe.

Aandike pia kila hatua katika daftari la kazi: tatizo, amri iliyotumika, matokeo na muda. Daftari hilo humsaidia atakayepokea zamu usiku wa manane, na mbele ya mwajiri huwa na uzito ambao cheti peke yake hakina. Anayeulizwa katika usaili kama anajua kuchukua nakala za akiba, na aeleze ni tarehe gani mara ya mwisho alirejesha moja, na ilichukua muda gani.